Watu Ishirini na Watatu wa Meza Moja

Kila siku saa kumi alasiri, Kauthar alishuka kituo cha metro cha Xiaobei, jijini Guangzhou nchini China, akapita katikati ya mikokoteni ya mizigo, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Huko ndiko mama yake, Bi Chausiku, alikokuwa na mgahawa. Kauthar, binti wa miaka kumi na mitatu, alinawa mikono, akafunga aproni na kupeleka sahani za pilau mezani. Wateja walipopungua, alikaa pembeni akafanya kazi za shule.

Wateja wengi walikuwa vijana: wafanyabiashara wageni kutoka Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo, makarani wa ofisi za kusafirisha mizigo. Jumanne moja Kauthar aliwahesabu. Vijana tisa, meza tisa. Wote walikuwa wakiongea Kiswahili kwenye simu na watu walio mbali, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Mama, kwa nini hawasalimiani?"

"Wanaona haya," Bi Chausiku alijibu. "Nyumbani mtu hujulishwa na jirani, au na shangazi yake. Hapa nani amjulishe?"

Mmoja wa vijana hao alikuwa Evaline, msichana wa miaka ishirini na mmoja kutoka Bukoba, aliyekuja Guangzhou kusoma Kichina. Alipanga chumba nyumbani kwa kina Kauthar. Miezi mitano ilikuwa imepita, na hakuwa na rafiki hata mmoja.

Kwa hiyo Mwalimu Cyrus wa shuleni kwao alipotangaza shindano la kubuni programu ya simu itakayotatua tatizo la kweli jijini, Kauthar hakuhitaji kufikiri sana. Alishirikiana na Byron, mwanafunzi mwenzake Mkenya aliyejua sana kompyuta.

"Vijana tayari wana mitandao kumi ya kuchati," Byron alisema. "Tuwape ya kumi na moja ya nini?"

"Yetu haitakuwa na kuchati hata kidogo! Unafungua, unaona meza: mahali, saa na jambo la kufanya. Labda kukanda maandazi, labda kucheza bao. Viti vinne tu. Ukibonyeza 'Naja', basi. Maneno mtayakuta huko huko."

"Manze, hiyo ni poa!" Byron alicheka.

Wakaiita Meza Moja. Bi Chausiku aliitazama michoro yao, akaweka masharti: kila meza iwe mchana, mahali penye watu wengi, na anayejiandikisha awe ametimiza miaka kumi na minane. Baada ya wiki tatu za kazi ngumu programu ilikuwa tayari, na tangazo likabandikwa ukutani mgahawani.

Watu sita tu walijiandikisha. Hakuna hata mmoja aliyebonyeza 'Naja'.

Wakati huohuo, kundi jingine darasani lilijigamba kuwa limepata watu mia mbili. Kauthar aliumia. Ijumaa, akiwa peke yake, alianza kubuni watu. Akamtunga Lulu wa Tanga, mpenda vitabu. Akamtunga Jovitus, mpiga gitaa. Akamtunga Dullah, mpenda kutembea. Hakuacha mpaka walipofika arobaini. Kisha, ili programu ionekane imechangamka, akawaweka Lulu, Jovitus na Dullah kwenye meza ya Jumapili saa nane mchana, bustani ya Yuexiu, karibu na sanamu ya mbuzi watano. Kiti kimoja kikabaki wazi.

"Wametoka wapi watu wote hawa?" Byron aliuliza kwa simu.

"Wamejiandikisha," Kauthar alijibu, akabadilisha mazungumzo.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Evaline alitoka chumbani amevaa gauni lililopigwa pasi vizuri, mkononi ana mfuko wa maandazi.

"Naenda kwenye Meza Moja yenu!" alisema huku akitabasamu. "Lulu, Jovitus na Dullah wananisubiri. Sijui kama maandazi kumi na mawili yatatosha?"

Kauthar alisimama hapo hapo, akamtazama akivaa viatu. Mlango ukafungwa, na hatua za Evaline zikasikika zikishuka ngazi kwa haraka.

Saa tisa mvua kubwa ikanyesha. Saa kumi na moja Evaline alirudi, nguo zimemganda mwilini, mfuko bado umejaa.

"Hawakuja," alisema taratibu. "Au labda walikuja, wakaniona kwa mbali, wakaamua kuondoka."

Kauthar alimsogelea. "Hakuna aliyekuona, dada Evaline. Hawapo. Niliwabuni mimi."

Evaline aliweka mfuko chini. "Ulikuwa umesimama hapo hapo. Ukaniangalia nikitoka."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

Akaingia chumbani kwake. Kauthar akaanza kulia. Bi Chausiku, aliyekuwa amesikia yote kutoka jikoni, hakumpigia kelele.

"Machozi yako hayatamkaushia nguo," alimwambia. "Umekosa kwa mkono wako. Sasa niambie, mkono huohuo utafanya nini?"

Kauthar alichukua kompyuta, akafuta jina moja baada ya jingine mpaka yote arobaini yakaisha. Kisha akampigia Byron na kumweleza ukweli. Byron alikasirika, akakata simu. Lakini Jumatatu asubuhi alikuwa amesimama nje ya ofisi ya Mwalimu Cyrus, akimsubiri Kauthar waingie pamoja.

Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho, Kauthar akiwa ameinamisha kichwa. "Mna siku kumi na mbili," alisema. "Mnaweza kujitoa kwenye shindano, au kuanza upya na hao sita wenu."

"Tunaanza upya," Byron alisema kabla Kauthar hajajibu.

Jioni ile Kauthar alibisha mlango wa Evaline. Aliomba radhi bila kujitetea. Halafu akauliza, "Pale bustanini, ungependa ukute nini?"

Evaline alifikiri. "Mtu mmoja tu. Mtu aliyenitangulia, ninayejua kabisa kwamba amesimama pale kunipokea. Kufika wa kwanza ndiko kunakotutisha wote."

Kauthar aliruka. "Basi kila meza iwe na mwenyeji! Mtu wa kweli, anayefika nusu saa kabla!"

Uso wa Evaline ukalegea. "Wa kwanza niandike mimi. Lakini ukinidanganya tena, sitakuja kamwe."

Byron aliongeza sehemu ya mwenyeji usiku huohuo baada ya kazi za shule, na siku zilizofuata wakaacha kungoja watu wasome tangazo. Kila jioni Kauthar, Byron, Evaline na Bi Chausiku walizunguka maduka ya jumla ya Xiaobei, ghorofa kwa ghorofa, wakimweleza kila kijana ana kwa ana. Wengi walikataa. Sufian, kijana aliyefuata mikoba kwenye soko la Shiling ili kuisafirisha Zanzibar, aliwapungia mkono kama wauzaji Wachina wanavyofanya bidhaa ikiisha: "Meiyou, meiyou! Hakuna, sina nafasi."

"Leo umekula na nani?" Evaline alimuuliza.

Sufian aliweka chini kalamu yake. Akatazama marundo ya mikoba, akakohoa. "Jumapili saa ngapi?"

Jumapili jua liliwaka. Saa saba na nusu Evaline alikuwa bustanini, ameshika kibao chenye jina la programu. Wa kwanza kufika alikuwa Sufian. Akafuata Abdulwakil, mwanafunzi kutoka Pemba, kisha Kissa, karani wa ofisi ya mizigo. Mgahawani kwa Bi Chausiku wengine walikanda unga na kucheka mpaka ukawaingia kwenye nywele. Meza zilikuwa sita, viti ishirini na vinne. Kiti kimoja tu kilibaki wazi.

Jumamosi ya shindano ukumbi ulijaa. Kundi lililotangulia lilitaja watu mia nane. Jaji mkuu, Mhandisi Liang, aliwageukia Kauthar na Byron.

"Na ninyi?"

"Ishirini na watatu," Kauthar alijibu. "Wiki mbili zilizopita tulikuwa na arobaini na sita. Arobaini niliwabuni mimi. Mtu mmoja aliwaamini, akalowa mvua akiwasubiri. Niliwafuta, tukaanza upya."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mhandisi Liang alivua miwani. "Na hawa ishirini na watatu, nitajuaje kama ni wa kweli?"

Nyuma ya ukumbi kiti kilisukumwa. Evaline alisimama. Akasimama Sufian, Abdulwakil, Kissa, na wengine, mmoja mmoja, mpaka safu mbili nzima zikawa wima.

"Niseme?" Sufian aliuliza kwa Kichina. "Nimekaa Guangzhou miaka miwili. Jumatano niliugua. Kwa mara ya kwanza katika mji huu, mtu aligonga mlango wangu akiwa ameniletea uji." Akamwonyesha Abdulwakil kwa kidole. "Ni huyu hapa."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Na Meza Moja ilipotangazwa mshindi wa kwanza, Byron aliruka juu kama aliyefunga bao la fainali, huku Evaline akikimbia jukwaani na kumkumbatia Kauthar mbele ya watu wote.

Walipotoka nje, Mwalimu Cyrus aliwasimamisha.

"Siku ile mlipokuja ofisini, Kauthar, ulidhani umebaki na watu sita na aibu," alisema. "Kumbe ndiyo siku mliyoanza kazi yenyewe. Watu hukubali kukaa na mtu wanayemwamini, na imani hiyo haipatikani kwa kuongeza majina kwenye orodha. Hupatikana kwa kusema kweli, hata pale ukweli unapokuumbua, kisha kutoka na kufanya kazi kwa miguu yako. Mkishika hayo mawili, hamtaogopa swali la jaji yeyote."

"Tumeelewa, Mwalimu," walijibu kwa pamoja, na safari hii Kauthar alimtazama machoni.