Mpiga Ngoma wa Dunfenna

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa malkia mzee wa Waingereza, nchi ya Ayalandi iliwaka moto wa vita kutoka kaskazini hadi kusini. Machifu wa nchi ile walikuwa wamekataa kuinamia taji la ng'ambo, na majeshi ya malkia yalivuka bahari msimu baada ya msimu kwenda kuwatia adabu. Kule London, wapiga chapa walikuwa wamekwisha kugundua kwamba vita vina wanunuzi wengi kuliko mahubiri. Kila meli ilipoleta habari, kijitabu kilitoka: kurasa chache, herufi nzito nyeusi, na kichwa kirefu cha kumsifu kapteni fulani kwa ushindi fulani. Waliotia chumvi katika vita vile walikuwa wengi kuliko waliopigana, na baadhi yao hawakuwahi hata kupanda meli.

Hadithi hii ni ya mtu ambaye jina lake halikupigwa chapa popote. Aliitwa Ambrose Tull, mkuu wa wapiga ngoma katika kikosi cha Kapteni Lambert Croyle. Msidhani mpiga ngoma wa zama zile alikuwa mtu wa kupamba gwaride tu. Yeye ndiye aliyebeba maneno kati ya majeshi mawili. Alikwenda kwa adui bila silaha, ngoma mgongoni, na kumdhuru ilikuwa aibu ambayo hata majambazi waliiogopa. Kwa hiyo alichaguliwa mtu mzima, mtulivu, anayeijua lugha ya upande wa pili, na Tull aliijua vizuri, kwa kuwa alikuwa amezeeka katika ngome za Ayalandi akinunua maziwa kwa wanawake wa huko na kubishana nao bei.

Tena, katika mapigano, ngoma ndiyo iliyokuwa ulimi wa kapteni. Bunduki za utambi zikilia na moshi wa baruti ukitanda, nani angesikia sauti ya mtu? Askari walifundishwa kuifuata ngoma kabla hawajafundishwa kushika mkuki. Mkuu wa wapiga ngoma alipopiga mwito, wenziwe wa ubavu wa kulia na wa kushoto waliudaka na kuurudia, na kikosi kizima kikatii. Asiyetii alinyongwa.

Kikosi hicho kilikuwa kimeizingira ngome ya Dunfenna, mnara wa mawe uliosimama ukingoni mwa kinamasi kikubwa. Mwenye ngome alikuwa amekwisha kufa vitani kaskazini. Aliyebaki ni mjane wake, Bibi Onora, pamoja na wazee wachache wenye mashoka, wanawake, watoto, na wachungaji waliokuwa wamekimbilia humo na ng'ombe wao, ambao hakuna aliyethubutu kuwachinja, kwa kuwa bila wao wasingekuwa na maisha baada ya vita. Mzinga mmoja wa Croyle ulikuwa umelibomoa paa, na njaa ilikuwa imefanya kazi iliyobaki. Asubuhi moja yenye mvua nyembamba, kapteni akamwita Tull.

"Nenda kawaambie wafungue lango," akasema. "Waache silaha, watoke na nguo zao na mifugo yao, waende zao. Hakuna atakayeguswa. Waambie ni kwa heshima yangu."

Tull akafurahi, maana alikuwa amechoka kuyaona majivu. Akapiga mwito wa suluhu mbele ya lango mpaka likafunguliwa kidogo, akafungwa kitambaa machoni kama ilivyokuwa desturi, akaongozwa kupanda ngazi za mawe. Kitambaa kilipofunguliwa akajikuta ukumbini, mvua ikidondoka kutoka kwenye paa lililobomoka. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu aliyevaa joho la sufu nzito lililofika miguuni, mashavu yamembonyea kwa njaa.

"Karibu, mgeni," akasema Bibi Onora. "Tua ngoma yako uketi."

"Bibi mkubwa, nimetumwa. Sikuja kuketi."

"Kwetu aliyetumwa hula kwanza, ndipo asemapo."

Akaletewa kipande cha mkate mkavu wa shayiri na donge la siagi juu ya kibao. Watoto waliokuwa wamejibanza ukutani waliitazama ile siagi bila kupepesa macho, na Tull akaelewa mara moja kwamba hapakuwa na nyingine. Akakisukuma kibao taratibu.

"Wape watoto, bibi. Mimi nimekula kambini."

"Ukikataa utakuwa umenitukana mbele ya watu wangu," akasema Onora, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Ukila, umekuwa mtu wa nyumba hii. Mimi sitakudhuru, wala wewe hutatudhuru. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Haya, kula."

Tull akala. Kila tonge lilisindikizwa na macho yale ya ukutani. Alipomaliza, akautoa ujumbe wake wote, neno kwa neno.

Onora akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Kapteni wako simjui," akasema mwishoni. "Simuulizi yeye, nakuuliza wewe uliyekula kwangu. Tukitoka, tutapita salama?"

Hapo Tull angeweza kujibu kama mjumbe, kwamba yeye hubeba maneno tu. Wajumbe wengi wangejibu hivyo na wasilaumiwe. Lakini aliwatazama tena wale watoto ukutani, akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma yake.

"Naapa kwa jina langu, bibi. Mtapita salama."

"Basi kesho asubuhi lango litafunguliwa," akasema Onora.

Tull akarudi kambini akiwa mwepesi wa moyo. Kapteni alimsikiliza, akajimiminia mvinyo, akafuta masharubu yake.

"Vizuri sana. Sasa nisikilize. Watakapokuwa wote wamevuka daraja la handaki linaloizunguka ngome, utapiga mwito wa kushambulia."

Tull akadhani masikio yake yameharibiwa na mzinga. "Kushambulia nani, bwana kapteni? Watakuwa hawana silaha."

"Ndiyo maana itakuwa kazi rahisi. Nikiwaachia leo, kesho watakuwa msituni wakiwalisha waasi. Na kule London hakuna anayenunua habari ya ngome iliyojisalimisha na watu wakaenda zao. Ushindi ni lazima uwe na waliokufa."

"Bwana, niliwapa neno."

"Ulilibeba neno langu, Tull. Ni langu, na mimi nimelirudisha."

"Niliapa kwa jina langu pia. Nimekula kwao."

"Umekula nini?"

"Siagi, bwana."

Croyle akacheka mpaka mvinyo ukamwagika. "Siagi! Basi kesho utaisaga tumboni. Ukikataa kupiga, nitakunyonga na mwingine atapiga. Toka."

Tull akatoka. Nisiwadanganye, aliogopa. Alikuwa mtu wa kawaida aliyependa uhai wake, supu ya moto na soksi kavu. Angeweza kukimbia, lakini kapteni alikuwa amekwisha kusema ukweli mmoja: mwingine angepiga. Angeweza kuwaonya wa ngomeni wasitoke, lakini humo ndani njaa ingewamaliza juma hilohilo. Alikaa juu ya sanduku la baruti akikaza kamba za ngoma yake, akailegeza na kuikaza tena, na ilikuwa katika kuikaza huko ndipo alipoiona njia. Nayo ilikuwa njia moja tu, na mwisho wake ulikuwa kitanzi.

Asubuhi ilipofika, askari wenye mikuki mirefu walijipanga pande zote mbili za njia, deraya zao za chuma zikichuruzika maji, na nyuma yao wenye bunduki wakiwa na tambi zinazofuka. Lango la Dunfenna likafunguka. Wakatoka ng'ombe kwanza, wamekonda, kisha wachungaji, kisha wanawake wamewafunika watoto kwa majoho yao. Mashoka yaliachwa yamelundikana mlangoni kama ilivyoahidiwa. Wa mwisho kutoka alikuwa Bibi Onora, maana mwenye nyumba hakutoka kabla ya watu wake. Alipompita Tull alimwinamia kichwa kidogo, kama mtu anavyomsalimu jamaa yake.

Onora akavuka daraja. Kapteni akainua upanga wake, akamtazama Tull.

Tull akanyanyua mikwiro yake na kupiga mwito wa kurudi nyuma.

Aliupiga kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Ngoma ya ubavu wa kulia ikaudaka, ya kushoto ikafuata, na kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri, miguu ya askari ilikuwa imekwisha kutii. Mikuki ikainuliwa juu. Safu ikageuka, ikaupa mgongo umati ule, ikaanza kutembea kuelekea kambini. Croyle alipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamtoka. "Simameni! Geukeni!" Midomo yake ilionekana ikifunguka na kufungika, lakini ni nani angemsikia? Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba sauti ya kapteni ni ngoma.

Onora aliona migongo ya askari, akaona uso wa Croyle, akaelewa yote. "Kinamasini!" akawaambia watu wake. "Fuateni ng'ombe!" Wale ng'ombe walizijua njia ngumu katikati ya tope, na watu wakawafuata mmoja nyuma ya mwingine. Kapteni alipofika mwenyewe kwa Tull na kumpiga kwa ubapa wa upanga hadi akaanguka, wa mwisho walikuwa wametokomea katika matete. Askari wachache waliotumwa kuwafuata walizama hadi viunoni kwa uzito wa deraya zao, wakarudi wakitukana.

Tull akafungwa minyororo. Lakini mkuu wa wapiga ngoma hakunyongwa bila idhini ya jemadari wa jimbo, basi akapelekwa mjini na kutupwa gerezani kungojea siku yake. Jambo la ajabu ni kwamba humo gerezani alilala vizuri kuliko alivyolala kambini. Siku moja askari mmoja wa kikosi chake, jitu lenye mikono kama makasia, alimletea mkate na jibini, akasimama mlangoni.

"Mbele yangu alikuwa amesimama mama na mtoto mchanga," akasema. "Ungepiga ule mwito mwingine, ningetii, Tull. Ahsante." Akaondoka haraka asije akaonekana analia.

Wakati huo Kapteni Croyle alikuwa na tabu yake. London walikuwa wakingoja habari za Dunfenna. Angewaambia nini? Kwamba jeshi zima la malkia lilimgeuzia mgongo kwa sababu ya mpiga ngoma aliyelishwa siagi? Angechekwa hadi kaburini. Basi akamwita mwandishi wake wakaitunga habari nyingine, wakaipeleka kwa wapiga chapa.

Majuma mengi yalipita. Siku ya kuhukumiwa Tull ikafika, na kwa bahati ambayo mimi hadi leo nashindwa kuisimulia bila kutabasamu, meli ya chumvi na mvinyo ilikuwa imetia nanga asubuhi hiyo, na jemadari alikuwa ameletewa kitu kipya cha kusoma kutoka London. Alikuwa mzee mwenye maumivu ya mguu, na mguu ulimfanya asiwe na subira na mtu yeyote.

"Kapteni Croyle," akasema, "unataka huyu anyongwe kwa kosa gani?"

"Alipiga mwito wa kurudi nyuma bila amri yangu, bwana jemadari, akawaponyesha adui."

Jemadari akainua kijitabu. Juu yake palikuwa na picha iliyochongwa ubaoni, ya mji wenye vinu vya upepo, ambavyo Dunfenna haikuwa navyo hata kimoja. Mpiga chapa alikuwa ameitumia picha yake ya zamani ya vita vya nchi nyingine, kama walivyozoea. Jemadari akasoma kwa sauti: "'Ndipo kapteni huyu shujaa, akiisha kuishinda ngome, moyo wake ukajaa huruma ya Kikristo, akaamuru ngoma zipige mwito wa kurudi, ili wanyonge wapite bila kudhurika.' London nzima inakusifu. Nasikia hata ikulu wamekisoma. Sasa niambie, habari hii ni ya uongo?"

Croyle akatazama kijitabu, akamtazama Tull, akatazama tena kijitabu.

"Ni... ni ya kweli, bwana."

"Basi ulitoa amri, naye akaitii. Umemfunga mtu minyororo kwa kukutii?"

"Palikuwa... palitokea kutoelewana, bwana jemadari."

"Mfungueni," akasema jemadari, na nadhani alikuwa ameelewa kila kitu, kwa maana alikificha kicheko chake nyuma ya karatasi.

Tull alitoka nje kwenye jua hafifu. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na yule mpiga chapa ambaye hakuwahi kumwona. Uongo ule ulikuwa umetungwa kwa ajili ya sifa za mtu mwingine, nao ukamwokoa yeye. Jeshini hawakumtaka tena na ngoma yake hawakumrudishia. Angeweza kupanda meli kurudi kwao. Badala yake akashika njia ya Dunfenna kwa miguu, kwa sababu hakujua kama wale watu walilivuka tope salama, na bila kulijua hilo asingeweza kuishi popote.

Ngome aliikuta imechomwa. Akazunguka kinamasi, akapanda vilima vyenye malisho ambako Waayalandi walihamia na mifugo yao wakati wa kiangazi. Hakuona mtu. Alipokuwa amekata tamaa na kuketi juu ya jiwe akivua viatu, akasikia kitu kilichomsimamisha nywele. Mtu alikuwa akipiga mwito wa kurudi nyuma.

Haikuwa ngoma. Ilikuwa sauti ya mbao. Akaifuata bila viatu, akakwea kilima, akaona chini yake vibanda vya nyasi, moshi wa chakula, na mwanamke aliyekaa kwenye kigoda akipiga ndoo ya kukamulia kwa vijiti viwili. Ng'ombe kutoka kila upande wa kilima walikuwa wakirejea kwake mmoja mmoja, na watoto wakikimbia mbele yao. Watoto walikuwa wamenenepa kidogo.

Onora akatoka kibandani, akamtambua kabla hajafika. Alimshika mikono yote miwili.

"Tunaita ng'ombe kwa mwito wako," akasema. "Tuliusikia mauti yakiwa mbele yetu. Tangu siku hiyo, wanangu wakiusikia wanajua wakati wa kurudi nyumbani umefika. Ahsante, mtu wa nyumba yangu. Ahsante."

"Ni mimi wa kushukuru, bibi," akajibu Tull, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Ulinipa chakula cha watoto ukaniamini. Bila hicho ningepiga mwito wowote nilioambiwa."

Wakamketisha, wakamletea mkate wa moto na siagi, safari hii donge kubwa kama ngumi. Watoto wakamzunguka kumtazama akila, naye akawagawia wote, na Onora hakuhesabu hilo kuwa tusi.

Kijitabu cha Kapteni Croyle kiliuzwa hadi kikaisha, na waliokisoma waliamini kwamba Ayalandi ina vinu vya upepo. Jina la Tull halimo. Aliishi kule vilimani miaka iliyomsalia, na kila walipokamua aliusikia mwito wake ukipigwa kwenye ndoo. Walikuwa wakikosea kidogo mapigo ya mwisho. Mara ya kwanza alifumbua mdomo awasahihishe, akaona ng'ombe wanakuja hivyohivyo, akaufumba, akaenda kuwafungulia zizi.