Mstari wa Chaki

Siku ya tisa tangu rais aondolewe, mke wa fundi alikuwa amechoka kufanywa simu. Kazi yake dukani ilikuwa vifungo. Mumewe alikata vitambaa, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, alichora kwa chaki na kushona. Lakini ndugu hao hawakuwa wakisemeshana, kwa hiyo kila neno lilipitia kwake.

"Shemeji, mwambie kaka mkasi wake uko kwangu."

"Mwambie nimesikia. Mimi si kiziwi."

Kati yao palikuwa na hatua mbili tu.

Ugomvi ulianzia redioni. Wabunge wamepiga kura, rais ametoka, makamu wake ameapishwa. Mume alisema hayo ni mapinduzi. Shemeji alisema ni sheria. Wakarushiana maneno mpaka wateja wakaanza kuchungulia na kupita.

Asubuhi hiyo mke wa fundi alijaribu mojawapo ya sare kumi na mbili walizoagizwa na wauguzi. Haikupita mabegani. Akajaribu ya pili. Nayo ikagoma.

Siku zote, kabla ya kushika mkasi, mumewe huuliza: "Mstari huu wa kukata au wa kushona?" Safari hii hakuuliza, na mdogo wake hakusema. Sare zote kumi na mbili zilikatwa juu ya mstari wa kushona, bila kuachiwa nafasi ya mshono, zikabana.

Shemeji hakugomba. Alichukua bisibisi, akaanza kufungua cherehani yake mezani.

"Natafuta kibanda changu mwenyewe," alisema.

Mke wa fundi aliweka vifungo chini. Miaka kumi na minne duka lile limewalisha wote.

Wakati huo aliingia jirani yao, karani mstaafu wa mahakama, kufuata suruali yake. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nani kafa?"

"Katiba," alisema mume.

"Mmeisoma?"

Mzee akatoa kijitabu cha Katiba mfukoni, akavaa miwani.

"Rais anaweza kuondolewa kisheria. Katiba yetu inataka tuhuma ziandikwe. Yeye apewe siku saba za kujibu. Kisha theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, na makamu ashike nafasi. Mapinduzi ni pale watu wanapotwaa madaraka kwa nguvu, nje ya njia hiyo."

"Theluthi mbili ilipatikana," alisema shemeji. "Na makamu ndiye aliyeapishwa."

"Na siku saba?" aliuliza mume. "Alipewa mbili. Na wanajeshi walizunguka bunge."

"Kwani si alistahili kutoka? Nchi kaiharibu."

"Kustahili kutoka ni jambo moja, mwanangu," alisema mzee. "Namna ya kumtoa ni jingine. Hata mtu mbaya hutolewa kwa utaratibu, maana kesho utaratibu huohuo utakulinda wewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyesema kweli?" aliuliza mume.

"Bado. Kama wanajeshi walilinda bunge au waliwatisha wabunge, hilo linahitaji ushahidi. Kesi iko mahakamani. Kila mmoja wenu ameshika kipande, anakiita nguo."

Mke wa fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Na mimi simu nimeishiwa chaji," alisema. "Kuanzia sasa semeshaneni wenyewe."

Mzee aliwaachia kijitabu. Shemeji alikiangalia, kisha akaangalia zile sare.

"Tukiongeza kipande pembeni," alisema taratibu, "zitapita."

Alimwambia kaka yake moja kwa moja, bila kupitia kwa mkewe. Bisibisi ikarudi kwenye droo.

Siku mbili walishona vipande vya pembeni. Wauguzi walidhani ni mtindo mpya, wakaupenda. Kila mchana, kazi ikipoa, ndugu hao walisoma ukurasa mmoja wa kijitabu. Walibishana bado, lakini sasa kwa kuonyeshana ibara kwa kidole. Mahakama ilikuwa haijaamua, nao wakakubali kuisubiri.

Siku ya tatu kilitandazwa kitambaa kipya. Mume alishika mkasi, akasita.

"Mdogo wangu, mstari huu wa kukata au wa kushona?"

"Wa kushona, kaka. Acha inchi moja."

Mke wa fundi aliinamia vifungo vyake. Hakuna aliyemtuma kupeleka neno.