Maji ya Rangi ya Mwanahalima

Soko la Kilindoni lilikuwa limefurika watu wa Ijumaa. Mwanahalima, aliyevaa gauni la batiki ya zambarau alilolitia rangi kwa mkono wake, alipenya katikati yao na beseni la vitambaa vibichi kichwani. Beseni likachuruzika juu ya kanzu nyeupe ya Sudi, fundi wa maji aliyekuwa akielekea msikitini.

"Sasa nitaswalije na doa hili, dada?"

"Watu hunibembeleza niwatie rangi hiyo. Wewe umeipata bila kuomba."

Sudi akacheka, akamwomba namba ya simu, akarudi nyumbani kubadili. Jioni akampigia kumwambia kwamba doa limegoma kutoka. Kesho yake akapiga tena, bila kisingizio. Mapenzi yakakolea.

Kisha ikaja balaa. Maji ya karakana ambamo Mwanahalima alitia vitambaa rangi yalitiririka mtaroni mpaka kisima cha majirani kikageuka buluu. Bwana afya akaja kuifunga karakana, na nyuma yake alisimama Sudi, ameshika chupa ya maji yale. Mwanahalima aliona amechongewa, na simu za Sudi akaacha kuzipokea.

Siku moja bwana afya akamuuliza majaribio ya mwenziwe yamefikia wapi. Majaribio gani? Ndipo alipojua kuwa Sudi ndiye aliyemwombea muda karakana isifungwe moja kwa moja, akiahidi kuyasafisha maji yale kwa makaa ya vifuu vya nazi; chupa ile ilikuwa ya majaribio hayo. Mwanahalima akapiga simu mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungepokea simu ungeambiwa, mpenzi."

"Nisamehe. Njoo unifundishe. Lakini vifuu nitachoma mimi, maji ni yangu."

Akachoma, akatwanga, akaosha, akapanga makaa juu ya mchanga ndani ya pipa. Maji ya kwanza yakatoka buluu vilevile. Sudi akashauri wapumzike. Mwanahalima akatwanga upya, laini zaidi, akayaacha maji yatulie humo kutwa nzima.

Alipoita majirani na bwana afya, bomba la pipa lilitoa maji yasiyo na rangi hata chembe. Bi Somoe, aliyelalamika kuliko wote, akainua glasi juani, akaikagua kwa muda mrefu.

"Fungua karakana yako, mwanangu," akasema, na bwana afya akaafiki.

Sudi akamsogelea Mwanahalima, ambaye mikono yake ilikuwa ingali myeusi kwa masizi.

"Wazee wangu waje kwenu?"

"Waje. Uwaambie wanakuja kumposa mtia rangi wa Kilindoni, na kazi yake haachi."

"Hilo nimeshawaambia," alisema Sudi.