Mshale Ulioelekea Korongoni

Ukungu uliwakuta bado wako kwenye maporomoko ya maji, Kipkirui akipiga picha. Ulishuka katikati ya miti kama moshi wa kuni mbichi, na kabla Eddah hajamaliza kufunga thermos ya chai, njia waliyokuja nayo ikawa haionekani tena. Mashina yalibaki machache tu yaliyo karibu. Zaidi ya hapo ni weupe mtupu.

Eddah alisema wakae hapo hapo wangoje ukungu uinuke. Kipkirui akacheka.

"Wewe ni mtu wa duka, shemeji. Msitu unaujua wapi?" Akatoa ile GPS yake mfukoni na kuipangusa kwa fulana. "Hii ndiyo inaujua."

Akagusa alama ndogo ya nyumba kwenye kioo. Mshale ukazunguka, ukasita, ukatulia. Ulielekeza upande ambao hakukuwa na njia, vichaka tu. Kipkirui akaufuata.

Huyu Kipkirui alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Huruma, Eldoret. Alikuwa amepata wazo la kuwaleta watu wa Nairobi wanaopenda kutembea porini, awaonyeshe maporomoko yaliyo msituni juu ya Ainabkoi, kwao nyumbani. Kundi la kwanza lilikuwa linakuja Jumamosi iliyofuata. Ndiyo akaenda mjini kununua GPS ya mkono, ile inayokuonyesha mahali ulipo hata kama hakuna netiweki. Muuzaji alimwekea mbili kwenye kaunta. Moja ilikuwa nene, imevikwa mpira, ina vitufe vikubwa na kitabu cha maelezo. Nyingine ilikuwa kioo kitupu, ya kugusa kwa kidole, rangi zinang'aa. Ile ya vitufe Kipkirui aliiita rimoti ya TV ya zamani. Akachukua ya kioo. Muuzaji akamwashia pale pale kaunta, akamwonyesha gusa hapa, gusa pale, hii ndiyo nyumba, na Kipkirui akawa anaitikia kila kitu huku anaangalia nje. Kitabu hakuomba. Betri alinunua kwa mchuuzi wa barabarani, zile za bei ya chini kabisa.

Mzazi, hebu niambie. Ukimwona kijana wako anatoka asubuhi ya Agosti, mwezi wa baridi na mvua, amevaa fulana na jeans na anakuambia usijali kwa sababu ana mashine, wewe utalala usingizi? Mamake, Mama Nicholas, alishindwa hata kumeza chai. Alimwita Eddah, mke wa Nicholas mwanawe mkubwa, akamwambia afunge duka aende na shemeji yake, asimwache peke yake. Nicholas mwenyewe alikuwa safarini na lori. Eddah hakutaka. Tangu aolewe, Kipkirui alikuwa akimwita mgeni mbele ya watu na kumcheka jinsi anavyotamka maneno. Lakini mama mkwe akikuomba hivyo, utasema nini? Alijifunga leso juu ya sweta, akachukua thermos, wakaingia msituni kupitia nyuma ya mashamba.

Sasa walikuwa wanafuata mshale. Waliingia kwenye majani yanayowasha, yale kina Eddah kwao wanayaita thabai na kuyapika, na mikono ikaota malengelenge. Walipita kwenye mianzi iliyoanguka ikapishana, wakawa mara wanapanda juu yake, mara wanapita chini kwa tumbo. Halafu kinamasi. Tope baridi likaingia ndani ya viatu na kubaki humo. Kila mara Eddah akiona upenyo mzuri kando, Kipkirui alikataa, kwa maana mshale haukuelekea huko.

Chini ya mshale kulikuwa na namba. Eddah aliiona juu ya bega lake, thelathini na kitu, akamuuliza ni ya nini.

"Hiyo ni ya satelaiti, shemeji. Wacha kunipumulia."

Mvua ikaanza, na matone yakawa yanagusa kioo kama vidole. Ramani ikaruka, ikafungua vitu ambavyo hakuna mtu aliomba. Kipkirui akawa anapangusa na kutukana, anapangusa na kutukana. Vidole vyake vilivyolowa kioo hakikuvisikia. Kila alipofanikiwa kurudisha mshale, ulikuwa umeelekea pale pale, mbele moja kwa moja.

Mbele moja kwa moja ardhi ikaisha. Lilikuwa korongo, kuta zake udongo mwekundu na mizizi, na chini mto unanguruma bila kuonekana. Eddah alimwambia hapo hawashuki. Kipkirui alisema nyumbani ni ng'ambo, akashika mzizi, akashuka hatua chache. Mzizi ukang'oka. Eddah alimsikia akiporomoka na mawe, halafu akasikia mlio mdogo mkavu, halafu mto tu.

Alishuka kwa makalio, akishika kila kitu kilichoshikika. Alimkuta ameketi ndani ya maji ya pembeni, mguu wa kulia umegeuka mahali pa kifundo. Simu yake ilikuwa imeenda na mto, GPS ikabaki mfukoni. Ya Eddah ilikuwa kavu, lakini haikuwa na netiweki hata kidogo. Alimvuta mpaka chini ya mwamba, akararua pindo la leso na kuufunga ule mguu juu ya kiatu, na hapo ndipo mvua ya mawe ikaja. Ilipiga majani kwa kelele kiasi kwamba waliacha kuongea. Chini pakawa peupe.

Ilipopungua, Kipkirui alikuwa anatetemeka mwili mzima, midomo imekuwa ya kijivu. Chai iliyobaki kwenye thermos ilikuwa ya vuguvugu. Eddah akamnywesha yote. Alivua sweta yake akamvika juu ya ile fulana iliyolowa, kisha akafikiri tena, akamvua fulana kwanza. Akachukua GPS, akaikausha chini ya leso, akaangalia ile namba bila kuharakishwa na mtu.

"Hii ni kilomita," akasema. "Sisi asubuhi tumetembea kilomita ngapi kutoka nyumbani?"

Kipkirui aligeuza uso upande wa mto.

"Kipkirui. Hii nyumba uliiweka wapi?"

Alifumba macho. Meno yalikuwa yanagongana, lakini maneno yalitoka. "Sikuiweka mimi. Ni yule wa duka. Alikuwa ananionyesha."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ile alama ya nyumba iliwekwa pale muuzaji aliposimama, kaunta ya duka katikati ya Eldoret, na tangu ukungu ushuke mshale ulikuwa unawapeleka huko, ukipita juu ya miti na makorongo kama ndege. Mashine haijui nyumbani kwako. Inajua pale ilipoambiwa. Hungoji kuiuliza njia ukiwa umeshapotea. Unaiweka alama pale unapoanza kutembea, miguu yako ikiwa bado barabarani, na unasoma kila namba mpaka ujue ni ya nini. Haya ni maneno madogo, na kwa sababu hayakusemwa kijana alikuwa anakufa kwa baridi.

Kipkirui alisema kitu kimoja zaidi cha maana. Muuzaji alimwambia mashine huchora mstari kila unapopita, na ilikuwa imewaka mfukoni tangu watoke nyumbani. Eddah alitafuta, kidole kikavu, mpaka akauona, mstari mwembamba wa buluu umejikunja kama uzi. Halafu kioo kikawa cheusi. Betri za bei ya chini hazipendi baridi.

Alizitoa, akaziweka ndani ya sidiria, kwenye ngozi. Alingoja huku anamsugua Kipkirui mgongo. Alipozirudisha, kioo kiliwaka. Akaona mahali walipo, na akaona mwanzo wa mstari, pale nyumbani, karibu sana, ukikata tu moja kwa moja kupitia mlimani. Hakukata. Aliangalia mstari ulipogeukia, akaukariri, akazima, akarudisha betri kifuani.

Kupanda korongo kulichukua nguvu yote waliyokuwa nayo. Alimsukuma kwa bega chini ya matako, naye akijivuta kwa mikono. Walipofika juu Eddah alivunja mwanzi uwe fimbo ya Kipkirui, na mkono wake mwingine akauweka shingoni mwake mwenyewe. Aliwasha, akaangalia, akazima. Wakarudi kwenye kinamasi. Wakarudi kwenye mianzi. Kila Kipkirui alipotaka kuketi Eddah alimtukana, kwa kuwa aligundua matusi ndiyo yanamwamsha.

"Keti tu. Nitamwambia mama yako ulishindwa kutembea huku mwanamke wa duka anatembea."

"Unatembea kama bata," Kipkirui akasema.

"Bata huyu ndiye amekubeba."

"Mnono pia."

Wakaenda hivyo mpaka maporomoko, na kutoka maporomoko kuteremka. Halafu majibu yakawa mafupi. Halafu yakawa hayaeleweki, ulimi mzito kama wa mlevi. Halafu Eddah akamwita kichwa cha mbuzi na hakujibu kitu. Alimgeuza uso amtazame. Kijana alikuwa ameacha kutetemeka, na alikuwa anajaribu kuvua sweta, anasema kuna joto. Mwili uliofika hapo umekata tamaa, na hilo Eddah alilielewa bila kufundishwa. Alimbana mikono, akamburuta. Kioo hakikuwaka tena. Lakini alikuwa ameona kwamba umebaki mpindo mmoja, na baada ya mpindo huo akasikia mbwa.

Walikuwa mbwa wa Johnstone, mkulima wa pale msitu unapoishia. Alikuwa ameibiwa kondoo wiki hiyo. Aliposikia kishindo kwenye ua wake jua likizama, alikuja na panga na akawaachilia mbwa. Mmoja alimng'ata Eddah pajani. Eddah hakumwachilia Kipkirui.

"Simameni hapo. Nyinyi ni nani?"

Alijitaja, mke wa Nicholas wa Ainabkoi. Johnstone alisema wezi pia wana majina. Ni mkewe, Selpha, aliyekuja na tochi, akamulika uso wa Kipkirui, akamwambia mume wake aweke panga chini na ashike miguu.

Jikoni walimvua nguo zote zilizolowa, wakamfunga blanketi mbili, Selpha akambana upande mmoja na Eddah upande mwingine, moto mbele. Johnstone alisimama mlangoni, panga tena mkononi, akipiga simu apate gari. Selpha alimnywesha chai kwa kijiko, kidogo kidogo. Nyingi ilimwagika kidevuni. Eddah alikuwa amemshika kifua kwa kiganja, akihesabu anavyopumua, na kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Kisha akasikia kitu kikitikisika chini ya blanketi, kidogo, kama injini inayokataa kuwaka. Ikakatika. Ikarudi. Meno yakaanza kugongana.

Kipkirui akafungua macho, akameza, akakunja uso.

"Hii chai haina sukari," akasema.

Selpha akavuta kijiko, amechukizwa. Eddah alikuwa analia na damu inamtiririka kwenye paja, na alicheka mpaka mbwa nje wakaanza kubweka upya.

"Msamehe, mama," akasema. "Huyu akiwa mzima ndivyo huongea."