Baridi Upande wa Abiria

Haya alinisimulia rafiki yangu, fundi wa magari aliyefiwa na mkewe. Gari kuukuu alilomwachia lilikuwa na kiyoyozi chenye vituko: leo kinapuliza baridi, kesho joto tupu. Akajaza gesi, akabadilisha fyuzi, wapi!

Jumapili moja usiku, gereji ikiwa haina mtu, akaitoa betri kabisa, akaiweka sakafuni, kisha akaingia garini kukagua nyaya. Mara taa za gereji zikazimika, likawa giza totoro. Ndipo feni ya gari ikaanza kuvuma. Hewa ya baridi ikatoka upande wa abiria.

“Mwenzangu, ni wewe?” akauliza.

Feni ikanyamaza. Pembeni yake akasikia mkanda wa kiti ukivutwa polepole, kisha ukafungwa.