Safari ya Ujiji

Saidati alikuwa kwenye foleni ya mpakani, Grande Barrière, furushi la vitenge kichwani, jua la saa nane likimchoma shingo, aliposikia honi nyuma yake. Akageuka amekunja uso. Ndani ya gari jipya la kijani, viti bado vimefunikwa karatasi za dukani, ameketi Faradji mchumba wake, suti ya kaki imenyooshwa pasi, tarabushi imelazwa upande. Anacheka meno yote nje.

"Panda, malkia wangu."

"Gari ya nani hii?"

"Ya kwetu. Nimeitoa Bukavu jana."

Saidati akalishusha furushi chini. Na si kwa sababu ya jua. Baba yake alikwisha fariki, walii wake aliyebaki ni baba mdogo Kadiri, mshonaji mzee wa Ujiji, naye aliandika barua kwamba hamwozeshi kwa kijana ambaye hajamwona kwa macho yake. Ndoa ilisimama hapo. Mwaka wa kwanza akiba ya safari Faradji akaitia kwenye boti ya injini. Mwaka wa pili akaongeza boti kubwa zaidi, akaapa wataondoka Shaabani. Shaabani mbili zimepita, na leo ni gari.

"We uliniahidi nini?" akauliza taratibu.

"Ujiji. Na Ujiji iko palepale, haihami. Donc nikifika, nifike mutu wa maana. Si nashuka kwa camion ya magunia, vumbi mpaka kwa kope, mzee anasema huyu ndiye anataka binti ya ndugu yangu?"

"Boti zako zinaishia Bukavu. Gari yako itaishia Usumbura, kutoka pale ni meli. Mzee ataviona wapi?"

Faradji akaivua tarabushi, akaivaa tena. Masikini, hilo hakuwa amelifikiria hata siku moja.

"Bon, nitapiga picha," akasema.

Siku nyingine Saidati angecheka, maana alimpenda mtu huyu mpaka ikawa aibu. "Sina hasira, Faradji. Nimechoka tu." Akavuka mpaka kwa miguu na furushi lake.

Wiki nzima gari la kijani likapita Mbugangari mbele ya nyumba yao, honi asubuhi, honi jioni. Hakutoka. Alikuwa na barua nyingine ya Ujiji: baba mdogo anasema yupo fundi mwenzake, kafiwa na mkewe, mtu mpole, anamposa, anaomba jibu. Saidati akaisoma mara mbili, akaanza kufunga sanduku. Alikuwa na miaka ishirini na minane na hakuwa na Shaabani nyingine ya kungojea.

Jumatatu asubuhi yeye na shangazi yake Mukashyaka wakawa kwenye lori la Usumbura, wamekaa juu ya magunia. Gari la kijani likaja mbio, likafunga breki kando.

"Shuka, Saida. Shangazi, shikamoo, shukeni. Nawapeleka mi mwenyewe."

Saidati akachungulia chini. Viti vya nyuma vilikuwa vimejaa viazi vya Mudende hadi kwenye dari.

"Tutakaa wapi?"

"Nilisema safari isiende bure," Faradji akajibu, sauti imeshuka.

Shangazi akajifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Saidati hakucheka. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. "Nenda kauze viazi vyako," akasema. "Iko mutu mwingine Ujiji ananiomba. Nakwenda kumjibu."

Lori likawashwa. Faradji akasimama kama mtu aliyesahau njia ya kwake. Kisha akamtupia ufunguo Munyaneza, muuza chai wa pale stendi, akakamata ubao wa lori, akajivuta juu na suti yake. Msumari ukachana mfuko. Hakuwa na sanduku wala kofia, tarabushi imebaki kwa kiti.

"Na viazi?" Saidati akauliza walipofika mlimani, vumbi limeshawapaka wote rangi moja.

"Vitaoza."

"Baba mdogo atakuuliza una nini. Utamwambia nini?"

Faradji akapangusa vumbi kwenye kope. "Nitamwambia nimekuja."

Saidati hakumwambia kwamba amemsamehe; nguvu hiyo hakuwa nayo. Alisogea kidogo juu ya gunia, akampa mahali pa kukaa.