Moto wa Kupeleka kwa Ndila

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mkonge nilipoenda kuteka maji. Nilikuwa nimejizoeza kwenda wa mwisho, ili nisikutane na mama yeyote. Ningewaambia nini? Surua ilikuwa imepita katika kambi yetu ya wafanyakazi, nje ya Thika, ikaingia kila nyumba na kutoka na mtoto. Kila nyumba isipokuwa yangu. Kaleli wangu, wa miaka minne, hakukohoa hata mara moja.

Kwetu, nyumba iliyofiwa huzima moto wa jikoni. Hauwashwi tena mpaka mtu asiyefiwa alete makaa ya kwake. Kiberiti kilikuwepo dukani, lakini kiberiti hakiondoi msiba. Kambi nzima ilikuwa inangoja makaa yangu. Niende vipi kwa jirani yangu Ndila, aliyezika wawili, mimi niliyemwacha wangu akicheza? Basi watu walilala njaa, wakaacha hata kufagia, na moshi ulikuwa unapanda kwangu tu. Asubuhi hiyo niliona haya, nikaumwagia moto wangu maji.

Mungu anajua nilivyojichukia.

Nilirudi na debe kichwani. Mume wangu Mulei alikuwa kiwandani, zamu ya usiku. Nilikuwa nimefunga mlango, Kaleli amelala ndani.

Sasa ulikuwa wazi.

Harufu ya ugoro ilinifikia kwanza. Halafu sauti. Fuu... fuu... Mtu alikuwa anapuliza.

Kizee wa kike alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, amenipa mgongo. Kaleli alikuwa amelala mapajani mwake. Na lile jivu lililolowa lilikuwa linawaka.

"Susu?" nilinong'ona.

Bibi yangu Nduku, niliyemwita Susu, tulimzika kabla sijaolewa.

Hakugeuka. "Kamene. Mbona umezima?"

"Naona haya, Susu. Watoto wa wenzangu wamekufa. Wangu..."

"Njaa ya Ngomanisye, ile kubwa ya zamani, ilichukua mtu katika kila nyumba ya kwetu, ikabaki yangu tu. Nilibeba moto nyumba kwa nyumba, nikilia. Ulifikiri wanaobaki hubaki wakae tu?" Akapuliza tena. "Chukua. Anza kwa Ndila."

Nilinyoosha mikono kumchukua mtoto kwanza.

"Huyu mwache."

Nilikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na alikuwa mikononi mwa maiti.

Fuu...

Sikuthubutu kumkaidi. Nilichota makaa kwa kigae, nikatoka.

Ndila alifungua mlango. Alitazama makaa, kisha akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nilidhani hutakuja," alisema polepole. "Kaleli ni mzima?"

"Ni mzima," nilijibu, na sikujua kama nasema kweli.

Tulipiga magoti tukawasha moto pamoja, tukilia bila kutazamana. Nilitaka kukimbia nyumbani. Lakini nyumba nyingine zilikuwa zinangoja, na ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa mkoloni. Filimbi ya kafyu ingelia wakati wowote. Nilipita mlango baada ya mlango. Kila mama aliniuliza habari za Kaleli, na kila mara nilisema ni mzima, nikizidi kuogopa.

Nyuma yangu moshi ulianza kupanda. Mtu alikuwa anatwanga mahindi.

Filimbi ililia nikiwa mlangoni kwangu. Kizee hakuwepo. Kaleli alikuwa ameketi peke yake karibu na moto, macho wazi. Nilimshika kichwa, kifua, miguu. Alikuwa na joto la mtoto mzima.

"Susu amesema ni yeye alinificha," alisema. "Ugonjwa ulikuja, akanifunika na shuka yake. Haukuniona."

Nilimkumbatia.

"Mama, amesema ukiwakimbia tena, atanifunua."

Tangu siku hiyo Ndila huja jioni kuomba kumbeba Kaleli. Humkumbatia muda mrefu, akimnusa nywele, na wakati mwingine humwita kwa jina la mmoja wa wale wake. Kaleli huitika. Mimi hukaa hapo hapo karibu nao, kwa sababu naogopa kuinuka.